Sekunde Tatu

Tulirekodi kabatini, Al-Khoudh, mwezi wa nane,
baina ya kanzu za mume wangu
na mablanketi ya baridi isiyokuja,
kwa sababu nguo hunywa mwangwi
na studio ya Ruwi ilitaka riali arubaini kwa saa.
Kiyoyozi tukakizima: kinasa sauti hakisamehe.
Shangazi Thuwaiba akakaa juu ya sanduku,
karatasi mkononi, miwani imeingia jasho,
akauliza, "Nianze, au bado unanipimia?"

Miaka ishirini na mbili alikuwa opereta wa simu hospitalini.
Watu walimjua bila kumjua:
sauti iliyosema subiri, nakuunganisha,
sauti iliyojua ni wodi gani imelia usiku.
Sokoni, akiuliza bei ya papa mkavu,
wapo waliogeuka wakamtazama mdomoni,
wakitafuta waliisikia wapi.

Sasa namvika uso.
Mwanamke niliyemchora ana kanga ya manjano,
ndara mbili pembeni, beseni la maji;
kazi yake kuwafundisha wenye sukari
kukagua nyayo kila usiku kabla ya kulala.
Dakika moja na nusu. Amri ya zahanati: isizidi.

Programu ilinipa midomo tisa,
mmoja wa a, mmoja wa o, mmoja uliofumbwa wa m.
Aliyeitengeneza hakuwahi kusema ng'oa.
Shangazi anasema kucha ising'olewe
na mwanamke wangu anatafuna hewa kama mbuzi.
Nikasimama mbele ya kioo cha bafuni,
ng'o, ng'o, ng'o,
hadi mume wangu akagonga mlango kuuliza kuna nini.
Nikachora mdomo wa kumi.

Kisha pumzi.
Nilizikata zote, moja moja,
zile anazovuta kabla ya sentensi,
na ule mkwaruzo mdogo wa koo kabla ya neno kidonda.
Sauti ikatakata kama sahani iliyopanguswa.
Nikacheza: mwanamke alisema kila kitu sawasawa
na kifua hakikupanda.
Maiti mwenye adabu.
Nikazirudisha usiku kucha, pumzi na fremu, pumzi na fremu,
nikiliinua bega lake kidogo
kila shangazi alipovuta.

Tuligombana mara moja tu.
Mwanzoni kabisa anasema, "Shikamooni,"
halafu kimya. Sekunde tatu.
Nikamwambia, shangazi, sekunde tatu ni fremu sabini na tano,
ni maelezo mazima ya viatu,
na humo ndani hamna mtu, ni ukuta na kioo.
Akanitazama kama anayechomoa waya wa mpigaji msumbufu.
"Nimemwamkia mtu. Mngoje aitike."

Nilipokwisha kumrudisha kwake, nikakikata kimya kile.
Nikakirudisha.
Nikakikata tena, nikabakisha sekunde moja na nusu,
nikalala, usingizi haukulala nami.
Alfajiri nikautoa mstari wa soksi,
nikampa tatu zake.
Ndani ya kimya hicho mwanamke hafanyi kitu.
Anapepesa jicho mara moja.

Seeb, Jumatatu, chumba cha kungojea.
Televisheni juu ya mashine ya maji,
wazee watano, kijana anayesinzia,
mtoto anayelamba mkono wa kiti.
Nimejitia ugonjwa; nina namba, hamsini na tatu.
"Shikamooni."
Moja. Kiyoyozi.
Mbili.
Mzee mmoja mwenye bendeji kidoleni,
macho hayajatoka kwenye simu yake,
"Marahaba," akasema,
na nyuma yangu sauti ya mama,
"Marahaba, mwanangu."
Na yule wa kanga ya manjano, kama aliyesikia,
akavuta pumzi, bega likapanda,
akaanza na mguu wa kushoto.